Cheti cha Bi Ewa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Bi Hewa alikuwa ameshajaza mitungi tisa, na wa kumi ulikuwa umesimama ndani ya pipa la maji, ukijazwa huku ukipozwa. Kompresa ilinguruma kiasi kwamba ukitaka kumwambia mtu neno inabidi umvute sikio. Hakuwa na wa kumwambia. Alikuwa peke yake katika kibanda cha bati nyuma ya bwawa, macho kwenye geji, mkono kwenye koki, akingoja mshale ufike mia mbili afunge. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja. Wateja wa chuo kile cha kuzamia walikuwa wakidhani mitungi ina oksijeni, naye alichoka kuwaeleza kwamba ni hewa hii hii unayoivuta bure barabarani, ila imeshindiliwa. Ndipo wakamwita Bi Hewa, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Siku hiyo alikuwa na mtihani. Kwa miaka minne, kila jioni wateja wakiondoka, alikuwa akiingia bwawani na vifaa vilivyotumika kutwa, akijifunza jambo moja baada ya jingine: kuzamia, kumwokoa aliyezidiwa, kuongoza kundi. Vyeti vitatu alikuwa navyo. Kilichobaki ni cha mwalimu, na mtahini wa mambo hayo huja mara moja kwa mwaka. Mwaka huu alikuja na habari: kuanzia mwakani hakuna atakayepewa mtihani wa ualimu bila cheti cha sekondari. Bi Hewa aliishia darasa la saba. Kwa hiyo kwake ilikuwa leo au basi, arudi kibandani azeeke na kompresa.

Mambo yote yalikuwa tayari isipokuwa karatasi moja. Cheti cha daktari kilitakiwa kiwe mkononi mwa mtahini kabla ya saa nane mchana. Daktari alishampima jana yake, akamsikiliza mapafu, akamchungulia masikio, akamwambia yu mzima wa afya. Aliambiwa arudi leo kuchukua cheti kikiwa kimechapwa. Kazi ndogo, ungesema.

Alifunga koki, akazima kompresa, akarudi nyumbani kubadilisha nguo. Walikuwa wamepanga vyumba viwili, yeye na mama yake, kwenye nyumba yenye wapangaji sita na bomba moja. Mama alikuwa kwenye simu na mdogo wake, kama kila asubuhi.

"Ana raa mwanangu," mama alikuwa akisema. "Toka jana ana raa, ana usingizi."

Mtu wa nje angedhani mtoto wa watu anastarehe. Lakini katika nyumba ile h haikuwahi kukaa. Bibi hakuitamka, mama hakuitamka, na mama akisema "ana" ilibidi utazame uso wake ujue kama kitu kipo au hakipo. Bi Hewa mwenyewe aliipata shuleni, tena kwa rula ya mwalimu kwenye vifundo vya vidole. Alicheka pale mlangoni, akamwambia mama amsalimie mama mdogo, akavaa gauni lake la heshima na kuondoka. Ni kweli hakuwa na raha, na usingizi hakuuona.

Kituo cha afya kilikuwa na benchi mbili na watu wa kujaza sita. Kidirisha cha karani kiliwekwa chini mno, hata mtu mzima ulilazimika kuinama kama unamwamkia mkwe. Ndani alikaa kijana mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka, mpole wa sura, anayechapa kwa vidole viwili. Daktari wa pale hakupatana na kompyuta. Yeye hupima, kisha hupaza sauti kupitia mlango ulio wazi, na karani huchapa anachosikia. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kazi kwa miaka miwili na hakuna aliyelalamika, au waliolalamika hawakujua pa kupeleka.

Ilipofika zamu yake karani alimuuliza cheti ni cha nini. Aliposema cha kuzamia, mzee mmoja kwenye foleni akamuuliza anazamia meli ya wapi, naye aende amsalimie mwanawe huko aliko. Benchi zima likacheka. Bi Hewa akaeleza kwamba ni kuzamia majini, kufundisha watu kupumua chini ya maji, na mzee akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Alipewa bahasha saa nne na nusu. Alitoka nje, akaifungua akiwa kwenye ngazi. Chini ya jina lake palikuwa pameandikwa hivi: Ana pumu. Ana kifafa. Ana kisukari. Ana ugonjwa wa moyo. Ana mimba. Na mstari wa mwisho, juu ya muhuri: Hanafaa kuzamia.

Alikisoma cheti mara tatu. Kwanza akadhani amepewa cheti cha mtu mwingine, lakini jina ni lake, tarehe ya kuzaliwa ni yake. Kisha akakaa pale pale kwenye ngazi. Mwenye pumu peke yake haruhusiwi hata kulowa, sembuse mwenye pumu, kifafa, moyo na mimba juu. Kwa karatasi ile alistahili kubebwa kwenye machela. Akainuka kwa hasira kurudi ndani.

Foleni haikumpisha. Kila mmoja alikuwa na haraka yake, na mwanamke mwenye mtoto anayehema kwa homa alimwambia, bila ubaya, apange mstari kama wenzake. Akapanga. Dakika zikaenda. Alipofika tena kidirishani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Alimwambia karani kwamba amekosea, daktari alisema hana pumu.

"Ndiyo," karani akasema akiitazama karatasi. "Ana pumu. Nimeandika."

"Sina pumu, kaka. Hana. Haaana."

"Si ndiyo iyo? Ana."

Alikuwa akimtazama kwa uvumilivu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa mgumu wa kuelewa. Hapo Bi Hewa akaelewa, na hasira ikapungua ghafla, maana aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya jikoni kwao. Kijana wa watu hakuwa anasikia tofauti yoyote. Akamuuliza kama daktari yupo. Daktari yuko kituo kingine, akajibiwa, atarudi Jumatatu. Marekebisho yana fomu yake, fomu inasainiwa na daktari na mkuu wa kituo, majibu ni siku saba za kazi. Alipokwisha kusema hayo karani akageuza kibao kilichoandikwa CHAKULA na kufunga kidirisha.

Bi Hewa alizunguka nyuma ya jengo. Alimkuta karani kwenye ukingo wa saruji karibu na bomba, amefungua kikopo chake cha chakula mapajani. Akaketi kando yake bila kukaribishwa, akaitandaza karatasi kati yao.

"Kwetu pia tunasema hivyo," alimwambia. "Mama yangu mpaka leo. Kazini naitwa Bi Hewa; nikikwambia yeye ameniita Bi Ewa toka nilipopata jina hilo, utaamini?"

Karani aliacha kutafuna. Hakumtazama. Akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba anajua. Hiyo h hajui ipo wapi, lakini anajua ipo. Shuleni walimcheka mpaka akaacha kunyoosha mkono. Hapa kazini huwa anazitia kwa kubahatisha. Neno likimkalia vibaya machoni, analitia h. Ndiyo maana ile "hanafaa". Kazi yenyewe ni ya mkataba wa miezi mitatu mitatu, na huu unakwisha mwezi huu. Akiomba fomu ya marekebisho watataka kujua kwa nini, na wakijua kwa nini watafungua makabati na kusoma alivyoandika vyote.

Akatoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya karatasi. Akasema yeye anakwenda kunawa mikono, na kama dada akitia h zake mwenyewe hakuna aliyeona.

Ilikuwa saa sita na nusu. Bi Hewa aliitazama ile kalamu, na tusiongope, aliishika. H tano za kutia na moja ya kukata, dakika haiishi. Lakini jambo la kwanza walilomfundisha, kabla hata hajalowa, ni kwamba kila mzamiaji hufungua mtungi wake mwenyewe. Mwenzako anakukagua, anagusa kila mkanda, anasoma geji yako, lakini koki unafungua wewe, kwa sababu hewa ni yako na kifo ni chako. Alikuwa amewaambia wateja maneno hayo miaka kumi na mmoja, yeye mjaza mitungi tu. Karani aliporudi akiwa bado anajikung'uta maji, alimrudishia kalamu.

"Mimi siwezi. Andika wewe, na utie sahihi yako."

"Dada, utanimaliza."

"Waliopita hapa miaka miwili, wangapi umewapa kifafa?"

Karani akaketi. Ilionekana wazi kwamba hilo hakuwahi kuliwaza. Alikuwa akiogopea kazi yake tu, na sasa alikuwa anaona benchi zima likitoka na bahasha, kila mmoja na ugonjwa wake wa bure. Macho yakamlowa, akayafuta kwa mkono wa shati lile lililonyooka. Akauliza sasa afanyeje, naye hata akiambiwa haisikii.

Basi Bi Hewa akamfundisha. Alimwambia h haisikiki kwa sikio, h ni pumzi tu. Akamshika karani mkono, akamwekea kiganja chake mwenyewe mbele ya mdomo. Sema "ana". Kiganja kimekaa kimya. Sasa toa pumzi kwanza, usiibane, kama unapuliza miwani kabla ya kuifuta, kisha sema "ana" juu yake. Karani akapuliza, akasema. Akarudia. Mara ya nne akakitazama kiganja chake kana kwamba kimeokota kitu.

"Inapiga," akasema.

"Ndiyo hiyo. Ikipiga, iandike. Isipopiga, iache."

Walikwenda mstari kwa mstari, karani akijipuliza kiganjani kabla ya kila neno. Akatia h tano kwa kalamu nyeusi, akaikata ile ya mwisho, na kando ya kila moja akaweka sahihi yake na cheo: karani wa muda. Hakuruka hata moja. Akaingia ndani kwa mlango wa nyuma, akatoka na muhuri. Mkataba wenyewe wa kipuuzi, alisema akigonga, na Jumatatu atamwambia daktari kabla hajaambiwa. Bi Hewa akasema asante mara mbili, kisha akakimbia.

Alifika bwawani saa nane kasoro dakika tano, gauni limemganda mgongoni. Watahiniwa wengine wawili, vijana wa vyuo vingine, walikuwa wameshavaa suti zao za mpira. Meneja wa chuo alisimama pembeni na ufunguo wa kibanda kidoleni, akiuzungusha. Mtahini alikuwa mtu mzima wa sauti ndogo, pua imebabuka kwa jua. Aliipokea karatasi, akavaa miwani ya kusomea, na kadiri alivyosoma ndivyo nyusi zilivyopanda.

Akauliza h hizi ni za nani. Bi Hewa akasema ni za karani aliyezisahau, na sahihi ni zake. Mtahini akasema kwa upole kabisa kwamba mtu akimfia chini ya maji, akaulizwa mbona alipokea cheti chenye viraka, atajibu nini? Hapo meneja akadakia. Akasema hakuna haja ya kuharakisha mambo ya uhai, dada atafanya mwakani, na kwa sasa mitungi ya mtihani ingali kibandani. Alijua fika kwamba mwakani hakuna. Alijua pia kwamba hapakuwa na mtu mwingine anayeielewa ile kompresa. Bi Hewa alimtazama, na kama macho yangekuwa na meno meneja angepiga kelele.

Mtahini aliigeukia karatasi tena. Alitoa simu, akapiga namba iliyo juu ya karatasi, akaiweka mezani ikiwa na sauti wazi. Ikaita sana. Kisha sauti ya karani ikasema kituo cha afya, karibu. Mtahini akajitambulisha, akataja jina la mwenye cheti.

"Nataka kusikia kwa mdomo wako," akasema. "Huyu mama ana pumu, au hana pumu?"

Upande wa karani ilisikika benchi, mtoto akikohoa, kiti kikisogezwa. Bi Hewa alijikuta amebana pumzi, kosa ambalo angempigia kelele mwanafunzi yeyote. Alimwona kijana yule kana kwamba yuko mbele yake, kiganja kimeinuliwa mbele ya mdomo, watu wote wa foleni wanamtazama.

Simu ikatoa mvumo kama mtu anayepuliza makaa. "Hhhana," ikasema.

"Kifafa?"

"Hhhana."

Kisukari hana. Moyo hana. Mimba hana, na ile ya mimba ilitoka na pumzi nyingi mpaka spika ikakwaruza na mtahiniwa mmoja akageuka kuficha kicheko.

"Kwa hiyo anafaa kuzamia?"

"Ha…" ikaanza simu, sauti ikasita.

Kijana alikuwa ameshaizoea h, ilikuwa mdomoni tayari. Ikapita sekunde, ikapita ya pili. Bi Hewa alikuwa akisema moyoni isipopiga iache, isipopiga iache.

"Anafaa," karani akasema taratibu. "Anafaa kabisa, mzee."

Mtahini akashukuru, akakata simu, akaikunja karatasi na kuitia kwenye faili. Akasema mwenye kuvaa avae. Bi Hewa aliingia chumba cha kubadilishia, akafunga mlango, akaegemea ukuta na kulia kidogo, kilio cha kupumua tu, kisha akanawa uso na kuvaa.

Mtihani wenyewe ulikuwa rahisi kuliko asubuhi yake. Ilimpasa afundishe somo la kutoa maji ndani ya miwani ya kuzamia, na mmoja wa wale vijana alikuwa ameambiwa kwa siri ajifanye mwanafunzi aliyepagawa. Kwenye kina cha mita tatu kijana akatupa kipumulio, akafumba mdomo, akatupa miguu kutaka kupaa. Bi Hewa alikuwa ameshamdaka mkanda wa jaketi kabla mapezi hayajapiga mara ya pili. Akamrudishia kipumulio mdomoni, akamshika bega, akamtazama machoni, akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe, polepole kutoka kifuani kwenda mbele: toa. Itoe. Mapovu yakatoka. Alirudia mpaka kijana akatulia kwelikweli, maana mchezo ulikuwa umeanza kumtisha hata yeye.

Saa kumi na moja mtahini aliwaita kwenye meza ya plastiki kando ya bwawa. Wawili walipita, mmoja arudie. Bi Hewa alikuwa wa kwanza. Mtahini alipokuwa akigonga muhuri alimwambia ana bahati, mwakani asingeweza kumruhusu, kanuni ni kanuni.

"Kwani mwakani maji yatakuwa mengine?" Bi Hewa akauliza.

Mtahini aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye muhuri wake. Alisema yeye hakutunga kanuni, naye Bi Hewa akasema anajua, kila mtu anayekutana naye hakuzitunga.

Meneja alikuja na hongera na mkono ulionyooshwa. Kesho kuna kundi kubwa, akasema, mitungi ishirini na minne, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri itakuwa vizuri. Mambo ya kufundisha wataongea taratibu. Bi Hewa alimpa mkono. Kisha akaomba ule ufunguo wa kibanda, na meneja akampa, akidhani mambo yameisha. Bi Hewa akaingia nao ofisini kwake, akautundika kwenye msumari juu ya kiti cha meneja mwenyewe, na kutoka.

"Nitafutie mtu," alimwambia. "Nitamfundisha mitungi siku mbili. Ya tatu niko bwawani, au niko chuo kingine."

Meneja akasema sawa, basi kesho waongee. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja kusema sawa bila kuongeza lakini.

Njiani Bi Hewa alipita kituo cha afya. Kidirisha kilikuwa kimeshafungwa. Aliandika kwenye kipande cha karatasi kwamba amepita mtihani, na kwamba lile neno la mwisho la kwenye simu lilikuwa sahihi, akakisukuma chini ya mlango. Mkataba wa yule kijana mwezi huu ungekwisha kama ulivyopangwa, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Hilo lilimwuma, na hakuwa na la kulifanyia jioni hiyo.

Nyumbani aliwakuta wapangaji wamepanga ndoo kwenye bomba na mama ameketi kizingitini. Mama alimtazama usoni tu, hakuuliza. Akamkumbatia hadi kikoi kikadondoka, akakiokota, akammiminia chai, na papo hapo akatafuta simu. Bi Hewa alivua viatu, akaweka miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila kiungo kilimwuma na kila kiungo kilikuwa na raha.

"Amepita," mama alikuwa akimwambia mdogo wake, anacheka huku anajifuta macho. "Mwalimu kabisa. Ana shida tena mwanangu. Nakwambia ana shida tena, ana wasiwasi, ana!"

Aliyekuwa akisubiri maji bombani aligeuka, akamtazama Bi Hewa kwa huruma. Bi Hewa angeweza kumsahihisha mama. Sasa alikuwa mwalimu mwenye cheti, na somo lenyewe alishalifundisha siku hiyo. Alishusha pumzi, akapuliza chai yake, akaiacha ile "ana" kama ilivyotoka.